Jina Nililoliita Ruiru

Wasichana niliowafundisha mpira wa kikapu kwa miaka mingi walikuwa na lalamiko moja juu yangu, na walidhani silijui. Nilikuwa siwaiti kwa majina. "Namba nne, rudi nyuma! Namba saba, umelala?" Hivyo ndivyo nilivyoita, tangu mazoezi ya kwanza hadi siku ya kuondoka chuoni. Wengine walisema najivuna. Wengine walisema nimezeeka, kichwa hakishiki kitu. Kuna mmoja aliyekuwa akiniigiza bwenini, shuka kichwani na kijiko mdomoni badala ya firimbi, nami nikapita dirishani nikamsikia, nikacheka peke yangu gizani kama mwehu. Waache waseme. Majina yao niliyajua yote, na ya baba zao, na ya nyanya zao. Niliogopa kuyatamka.

Hata hapa sitataja jina la mtu, msomaji anivumilie. Jina moja nililipaza siku moja uwanjani Ruiru, katikati ya miaka ya hamsini, na mpaka leo linanisuta.

Chuo chetu kilikuwa nje kidogo ya Thika, ng'ambo ya mto, chuo cha kanisa cha kuwafunza wasichana ualimu. Upepo ukitoka huku tulinusa mananasi ya kiwandani, ukitoka kule tulinusa ngozi zilizolowekwa, na urefu wa sala ya asubuhi ulitegemea upepo. Mpira wa kikapu uliletwa na mwalimu mmoja wa Kizungu, mwanamke mrefu mwenye magoti mekundu, aliyeamini kwamba msichana akitoka jasho la kutosha hatapata nafasi ya kutenda dhambi. Alipokwenda kwao likizo aliniachia firimbi yake na kitabu cha sheria kilichokosa kurasa za mwisho. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Sikuwahi kufunga kikapu hata kimoja mbele ya watu. Lakini nilikuwa na sauti kubwa, na mwalimu mkuu akasema sauti inatosha kuanzia.

Vyuma vya vikapu vilikuwa pete za mapipa. Nyavu tulisuka wenyewe kwa katani, na hapo tukajiaibisha. Wasichana wale walikuwa wamesuka vyondo tangu utotoni, na mikono yao haikujua kusuka kitu kisicho na kitako. Wakanisukia nyavu mbili nzuri ajabu, wakazifunga chini. Siku ya kwanza mpira uliingia ukakaa humo humo kama kabeji inayopelekwa sokoni. Tukasimama chini tukiutazama. Ilibidi msichana mmoja apande mabegani mwa mwenzake autoe kwa fimbo. Na nani alikuwa ameikagua kazi ile akasema iko safi? Mimi, mwalimu wa michezo.

Huyo aliyepanda mabegani ndiye ninayeandika habari zake. Kwao kulikuwa upande wa Mugutha. Likizo zote za utoto wake alichuma kahawa na mama yake katika shamba la Mzungu, na mchumaji hodari hutumia mikono yote miwili kwa wakati mmoja, kila mkono na tawi lake. Kwa hivyo msichana huyu hakuwa na mkono wa kulia na wa kushoto kama sisi wengine. Alikuwa na mikono miwili, basi. Aliyemkaba alitazamia mpira utoke huku, nao ukatoka kule. Alikuwa mwembamba, mkimya, na kila aliporusha alitoa ncha ya ulimi nje. Nilimgombeza juu ya ulimi ule mpaka nikachoka. "Utaung'ata uukate," nilimwambia. Alikubali, "Ndiyo, mwarimu," kisha akarusha na ulimi nje, na mpira ukaingia.

Baba yake alikuwa kizuizini. Sote tulilijua na hatukulizungumza. Ilikuwa Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ikipigana na watu wa msituni, na karibu kila msichana pale alikuwa na mtu ambaye hasemwi. Mama yake alikuwa amehamishwa pamoja na majirani wakatiwa katika kijiji kipya kilichozungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa, lango moja tu, linafungwa kutoka nje. Asubuhi wanawake walitolewa kwenda kuchimba, jioni wakarudishwa. Mama huyo alikuwa na tegemeo moja, kwamba binti yake angemaliza chuo mwaka ule, apate cheti, apewe darasa na nyumba ya mwalimu, awatoe kule wadogo zake wawili. Binti mwenyewe aliniambia siku moja tukikunja sketi za mchezo.

"Mwarimu, mimi sitaki mambo mengi. Nataka tu nyumba yenye mlango wa kufungwa kwa ndani."

Sasa lazima nieleze habari ya majina, maana bila hiyo kosa langu halieleweki. Kwetu mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la nyanya yake mzaa baba, wa pili la nyanya mzaa mama, na majina ya nyanya zetu si mengi, yanarudi na kurudi. Timu yangu ilikuwa na wasichana watatu wenye jina moja. Ukiita jina hilo, watatu waligeuka, na mpira ukapotea. Kwa hivyo uwanjani nilifanya kama tunavyofanya nyumbani. Nilimwita kila mmoja kwa jina lake pamoja na la baba yake, fulani binti wa fulani, kwa sauti moja bila kupumua. Nilijisifu kwamba mimi tu naweza kuyatamka yote mawili kabla mpira haujagusa chini.

Tukapata mwaliko wa kucheza na chuo kingine cha wasichana kule Ruiru. Inspekta wa elimu angekuwapo. Mwalimu mkuu wetu, mama mmoja wa Kizungu asiyependa maneno mengi, aliniita akaniambia kuna nafasi ya kwenda Kampala kusomea ualimu wa michezo, na kwamba inspekta angependa kuona kazi yangu kwanza. Sitasema uongo. Tangu siku ile sikulala nikiwaza wasichana. Niliwaza Kampala.

Wakati ule Mkikuyu hakuvuka kutoka Thika hadi Ruiru bila kibali. Tulipeleka orodha ya majina ofisini, ikarudi na muhuri, na jina moja limekatwa kwa wino mwekundu. Lake. Baba yake alikuwa fundi seremala aliyejulikana kuanzia Ruiru hadi Theta, na ofisa hakuhitaji kueleza. Jioni hiyo hiyo msichana mwingine wa timu, mtu wa upande wa Kakamega, aliangushwa na malaria. Jina lake lilikuwa pale kwenye orodha, safi, halijaguswa.

Asubuhi ya safari nilimwita yule wa Mugutha stoo ya mipira.

"Leo wewe ndiye yule mgonjwa," nikamwambia. "Askari atasoma majina. Ukisikia lake, itika."

Alinitazama. "Mwarimu, kwetu ni hapo tu karibu na Ruiru."

"Wanakujua sura?"

"Sura hawajui. Niko bodi, nalala shule, tangu nikiwa mdogo. Baba ndiye wanajua."

"Baba yako hachezi leo," nikasema. Nilidhani ni mzaha mzuri. Yeye hakucheka, nami nikakasirika kwa kuwa hakucheka. "Ukiogopa, baki. Sitakulazimisha."

Maneno hayo nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko Baba Yetu. Nilijua hatabaki. Mtoto aliyelelewa kutii mwalimu ukimwambia baki ukiogopa, umemfunga kamba. Akainama akakaza viatu vyake.

Njiani nilikaa mbele na dereva wa lori, wasichana wakakaa nyuma. Kwenye kizuizi askari alipanda na orodha, nikamsikia akisoma, nao wakiitika nipo, nipo, nipo. Alipofika kwenye jina la mgonjwa, nikashika kishikio cha mlango. "Nipo." Askari mwenyewe alikuwa mtu wa magharibi, akafurahi kusikia jina la kwao, akamsalimu, "Mulembe!" Naye akajibu, "Mulembe," vizuri kabisa, maana bweni zima lilikuwa limejifunza salamu za kule. Nikacheka kwa furaha hata dereva akanishangaa. Nikajiona mwerevu sana.

Uwanja wa Ruiru ulikuwa karibu na mashamba ya kahawa, umezungushiwa waya, na watu walisimama nje ya waya kutazama wasichana wakikimbia na sketi za marinda. Walikuwapo pia hom-gadi wawili, wenyeji wa pale waliolinda upande wa serikali, hao tuliowaita ngati, bunduki begani, wanatafuna miwa. Inspekta alikaa kwenye kiti chini ya mwavuli. Sikumtazama yeye sana kama nilivyotazama daftari alilokuwa nalo gotini.

Wenzetu walikuwa wazuri. Walikuwa na msichana mmoja mrefu ambaye alichukua kila mpira uliopita juu, nikamweka wa Mugutha amkabe. Alimganda. Dakika za mwisho zilipofika tulikuwa sawa kwa sawa. Kisha mrefu yule akateleza, na wa Mugutha akaunyakua mpira kwa mkono wa kushoto, akageuka, na mbele yake hapakuwa na mtu. Uwanja mtupu mpaka kikapuni. Akasita. Nadhani hakuamini.

Nikaruka kutoka kwenye benchi nikamwita. Nilimwita kama kila siku, kwa sauti ile iliyonipa kazi, jina lake na la baba yake, moja kwa moja bila kupumua, kisha nikasema, "Kimbia!"

Kama ningeita jina lake tu, hakuna ambaye angegeuka. Nusu ya wasichana wa Ruiru wangeweza kuitika. Lakini nililitaja la fundi seremala, nje ya waya, katika sehemu ambayo kila mlango wa miti ulikuwa umepitia mikononi mwake. Nikamwona ngati mmoja akitoa muwa mdomoni.

Yeye alikuwa amesimama katikati ya uwanja na mpira mkononi. Hakukimbia. Aligeuza kichwa akanitazama. Sikuona hasira kwenye uso wake. Aliniangalia kama mtu anayekuona umesahau kitu, na hakuna tena wakati wa kukukumbusha.

Ngati waliingia uwanjani na bunduki zao, na nyuma yao ofisa mmoja kijana wa Kizungu aliyekuwa amekuja kumsindikiza inspekta. Refa akapiga firimbi. Wakamuuliza jina, akalitaja la kweli. Ofisa akachukua orodha mkononi mwangu, akaona wino mwekundu, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha shule, "Mwalimu, huyu amefikaje hapa?"

Kabla sijafungua mdomo, msichana akasema, "Nimejiingiza mwenyewe. Nilimwambia mwarimu kibali yangu imepatikana. Yeye alikaa mbele na dereva, hakusikia nikiitikia jina ya mwenzangu."

Nilikuwa sijapata kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja. Aliyasema polepole, akiyapanga, kana kwamba ananifundisha.

"Ni kweli, mwalimu?" ofisa akauliza.

Wasichana wengine wote wa timu walikuwa wamesimama pale. Wote walijua. Inspekta alikuwa ameinuka kwenye kiti chake.

"Ni kweli," nikasema. "Sikujua."

Wakamchukua. Alivua fulana ya timu pale pale, chini ana blauzi yake ya shule, akaikunja akaniwekea juu ya benchi. Wakatoka naye kwenye lango la waya kuelekea barabarani. Refa, mwalimu wa kike wa chuo kile, alinijia akaniuliza kwa upole kama tumalize au tuache. Zilikuwa zimebaki dakika nne. Nilimtazama inspekta. Alikuwa ameketi tena, ameshika kalamu, ananingoja.

"Tumalize," nikasema.

Nikamwingiza msichana mmoja wa Nyeri, mfupi, mwenye machozi usoni. Na huyo huyo, huku analia, ndiye aliyefunga. Tulishinda kwa kikapu kimoja. Hakuna aliyeruka wala kupiga kelele isipokuwa watu waliokuwa nje ya waya.

Kwenye kizuizi, wakati wa kurudi, askari yule yule alisoma majina. Alipofika kwa mtu wa kwao, nyuma hakuitika mtu. "Amebaki," nikasema kutoka mbele. Akauliza amebaki wapi, nami nikamwambia dereva aendelee.

Siku mbili baadaye mwalimu mkuu aliniita. Alikuwa na barua ya ofisi mezani. Msichana asingerudi chuoni, na cheti asingepewa. Angekaa ndani kwa muda, halafu apelekwe kijijini kwa mama yake, na asitoke. Akaniuliza, "Una lolote la kuongeza kabla sijaweka sahihi?" Aliuliza vizuri, bila kunitisha, na akaiweka kalamu chini. Nadhani alijua. Nadhani alikuwa ananipa nafasi, na laiti ningesema ukweli pale, angeweza kupigana. Nilitazama penseli zake zilizopangwa kwenye kopo. Nikasema sina.

Nikaenda Kampala. Nikarudi na karatasi yenye muhuri na kaptura mbili nyeupe. Yule wa Kakamega, aliyekuwa amepona zamani, aliniletea sare yake ya timu, imefuliwa na kupigwa pasi, akasema hataki tena kucheza. Sikumuuliza sababu. Wakati huo ndipo nilipokata namba za kitambaa nikawaambia wasichana washone migongoni. Nikasema ndivyo wanavyofanya Kampala.

Ilinichukua miaka kwenda Mugutha. Nilijipa visingizio vya kila aina, kwanza vibali, halafu mitihani, halafu mvua. Mwisho wa miaka ile ya hamsini, watu walipoanza kutembea tena bila kuulizwa sana, visingizio viliisha. Nikapanda basi hadi Ruiru, nikatembea. Mwanamke mmoja njiani akanielekeza kwenye shamba la kahawa.

Nilimjua kabla sijaona uso. Nilijua mikono. Ilikuwa ikichuma matawi mawili kwa pamoja, na mtoto amelala mgongoni. Niliposogea nikaona ncha ya ulimi iko nje.

"Mwarimu," akasema. Hakushtuka. "Umekonda."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na yote yakanitoka kwa fujo. Nikamwambia ni mimi niliyeliita jina lake.

"Hĩ! Si nilisikia. Hata watu wa stesheni walisikia."

Nikamwambia ofisa aliponiuliza, nilikana.

"Nilikuwa nimesimama hapo, mwarimu. Hiyo pia nilisikia." Akadondosha buni kwenye debe. "Ungesema nini? Tungeenda wawili. Na hao wengine wangerudishwa nyumbani na nani?"

Nikamwambia mwalimu mkuu alinipa nafasi nyingine, na hiyo pia nikaitupa. Hili hakuwa akilijua. Alimaliza matawi aliyokuwa ameshika. Kisha akasema, "Imepita hiyo. Mimi nilishakusamehe kitambo, ilikuwa siku mbaya." Nikaanza kulia katikati ya mibuni ya watu, pua inanitiririka, na yeye akanipa upindo wa leso ya mtoto nijipanguse. Aliniuliza habari za wenzake mmoja mmoja, kwa majina yao na ya baba zao. Nikamjibu. Nilihisi mwepesi kuliko nilivyowahi kuwa tangu siku ile.

"Na ile gemu?" akauliza. "Huwa nafikiria sana. Yule msichana wao mrefu alikuwa ameteleza, mbele yangu hakuna mtu."

Nilifurahi kwamba hatimaye nina kitu kizuri cha kumpa. "Tulishinda!" nikasema. "Kwa kikapu kimoja. Yule mfupi wa Nyeri, unamkumbuka? Yeye ndiye aliyefunga, mwishoni kabisa."

Mikono yake ikasimama. Yote miwili.

"Mlicheza?"

Nikauachia upindo wa leso.

"Nikishatolewa, mlicheza?"

"Zilikuwa zimebaki dakika nne," nikasema. Nilisikia jinsi lilivyokuwa jibu la kipumbavu.

"Mimi nilijua mlisimama," akasema. Hakuwa akiniambia mimi hasa. "Kule ndani wakati wa taabu nilikuwa nawaambia wale wamama wengine. Nilikuwa nawaambia, timu yetu ilisimama."

Nyapara alipiga kelele kutoka mwisho wa shamba. Akamkaza mtoto mgongoni, akachukua debe lake, akahamia mstari mwingine wa mibuni, akaanza kuchuma akiwa amenipa kisogo. Nilitaka kumwita. Jina lilikuwa mdomoni, zima, lake na la baba yake, kama siku ile. Nyapara alikuwa anakuja, ananitazama. Nikalimeza, nikarudi barabarani.